Wanaopoteza Ujumbe kwa Makusudi

Kampuni mbili zinasoma waraka mmoja wa kiwango. Kila moja inaandika programu yake kivyake, inaijaribu mpaka inaridhika, inaitangaza kuwa imekamilika. Siku programu hizo zinapokutanishwa mtandaoni, ujumbe wa kwanza kabisa unakataliwa. Hakuna aliyedanganya. Wote walisoma kwa uaminifu, ila kila mmoja alielewa lake. Katikati yao ndipo anapokaa fundi ninayemsifu hapa: yule anayepima kama mifumo ya watu wasiojuana inaweza kutumiana ujumbe bila kuupoteza, bila kuurudia na bila kuvuruga mpangilio.

Kazi hii ina wazee wake. Mwaka 1987 Jon Postel, aliyekuwa katika taasisi ya ISI kule California, alichapisha waraka mfupi, RFC 1025, unaoeleza jinsi waandishi wa mwanzo wa itifaki ya TCP walivyokutanisha programu zao na kupeana alama, kwa madaraja ya uzito kama mabondia. Programu iliyoweza kuzungumza na yenyewe ilipata alama 1. Iliyozungumza na ya mwingine, 2. Iliyohimili pakiti iliyobebeshwa kila kitu kwa mpigo mmoja, 10. Hata kumwangusha mpinzani kulikuwa na alama zake, na pigo halali lilitengwa na pigo chafu. Siku zile za mwanzo programu zilikuwa chache na kiwango chenyewe kilikuwa bado kinabadilika. Njia ya kujua kama umepatia ilikuwa kukutana na wengine na kubishana juu ya matokeo. Naliheshimu sana wazo hilo. Linakubali kwamba maandishi peke yake hayatoshi.

Huduma za wavuti zilipoenea, swali lilelile lilirudi. HTTP hupeleka ombi na kuleta jibu, lakini muunganisho ukikatika katikati, mtumaji hawezi kujua kama ombi halikufika au limefika na jibu ndilo lililopotea. Mwaka 2003 BEA, IBM, Microsoft na TIBCO walitoa jibu lao, WS-ReliableMessaging. Kundi jingine, likiwamo Sun, Fujitsu na Oracle, lilikuwa na WS-Reliability yake. Ile ya kwanza ilifikishwa kwenye shirika la viwango la OASIS mwaka 2005, na toleo la 1.1 likapitishwa kuwa kiwango Juni 2007. Sasa Sandesha, programu huria ya Apache iliyoandikwa kwa Java, ilitakiwa ielewane na WCF ya Microsoft, na zote mbili zielewane na za wengine.

Tumtazame fundi akiwa kazini. Mtumaji anaomba kufungua mfuatano, mpokeaji anampa kitambulisho, na kuanzia hapo kila ujumbe unabeba namba: 1, 2, 3. Fundi amepachika kati yao programu ndogo na kuiagiza imeze namba 2. Mpokeaji anapata 1 na 3. Stakabadhi yake lazima iseme kweli tupu: nimepokea kuanzia 1 hadi 1, na kuanzia 3 hadi 3. Kiwango kinaruhusu pia kutamka wazi kwamba 2 haijaonekana. Je, mtumaji aliyezoea kutamkiwa hivyo atajua kulisoma pengo akiachiwa alitafute mwenyewe? Na kama mpokeaji ameahidi mpangilio, ataishikilia 3 mpaka 2 ifike, au ataipitisha kwa pupa?

Kisha fundi anageuza mambo. Anaiacha 2 ipite na kumeza stakabadhi. Mtumaji, asiyejua lolote, anatuma tena ujumbe ambao tayari umefika. Mpokeaji akiukabidhi kwa programu ya malipo mara ya pili, mteja atakatwa pesa mara mbili. Anatakiwa autupe, lakini atoe stakabadhi upya. Akiutupa kimyakimya, mwenzake ataendelea kutuma mpaka achoke na kutangaza kwamba imeshindikana, ilhali kazi ilishafanyika. Kwangu mimi, ustadi wote uko hapo. Asiyewahi kuipoteza stakabadhi kwa mkono wake mwenyewe hawezi kuona kwamba kuutupa ujumbe ni nusu tu ya wajibu.

Mengine yanayomkesheza ni madogo mno. Programu moja inataja anwani ya kiwango cha WS-Addressing yenye 2004/08, nyingine inasubiri yenye 2005/08. Tofauti ya anwani tu, na mazungumzo hayaanzi. Mengine yamo ndani ya waraka wenyewe. Katika toleo la 2005 la WS-ReliableMessaging mtumaji alipaswa kuutia alama ujumbe wa mwisho. Lakini programu nyingi hazijui upi ni wa mwisho mpaka zimeshautuma, hivyo ujumbe mtupu ulitumwa ili tu kubeba alama hiyo. Toleo la 1.1 liliiondoa na kuleta ombi la kufunga mfuatano. Kasoro ya namna hii haionekani kwa anayesoma ukurasa. Huonekana kwa aliyekaa na programu mbili, akisubiri mwisho ambao upande mmoja unadhani umeshafika.

Leo kazi nyingi za wavuti hutumia JSON, na viwango vile vizito vimebaki zaidi kwenye mifumo ya mashirika makubwa. Tatizo halijaondoka; lipo hata kwenye pesa za simu. Machi 2007, miezi mitatu kabla ya toleo la 1.1 kupitishwa, Safaricom ilizindua M-Pesa nchini Kenya. Tanzania, kuanzia 2014, kampuni za simu zilianza kuunganisha pochi zao ili mteja wa mtandao mmoja amtumie wa mwingine. Kila muunganisho wa aina hiyo ni programu mbili za watu tofauti, mtandao unaokatika, na pesa ya mtu katikati. Hapo ndipo anapohitajika mtu wa kukata mawasiliano kwa makusudi, sekunde ileile ambayo salio limepungua upande mmoja na jibu halijafika upande wa pili, kisha asome logi za pande zote mbili mstari kwa mstari. Apewe muda wa kufanya hivyo kabla huduma haijafunguliwa, na akisema bado, tarehe ya uzinduzi isogezwe.