Upesi Usio na Papara: Ufundi wa Tambi za Krimu na Gochujang

Watu wengi hupima ufundi wa mpishi kwa saa alizokaa mbele ya moto, ndiyo maana sifa nyingi huviendea vyakula vya kushinda jikoni, na chakula kinachoiva upesi huhesabiwa kuwa cha kutuliza njaa tu. Tambi za krimu zilizokolezwa gochujang, yaani rojo zito la pilipili lililochachushwa ambalo ni mojawapo ya nguzo za mapishi ya Korea, zinaupinga mtazamo huo. Huiva kwa muda wa dakika 20 hivi, lakini ndani ya dakika hizo humtaka mpishi ajue kwa nini kitu fulani kitangulie na kingine kifuate, kwa sababu upesi wake ni kazi fupi iliyopangwa vizuri juu ya kazi ndefu iliyokwisha kufanywa na wengine.

Kazi hiyo ndefu huanzia kwenye soya. Maharage ya soya huchemshwa, hupondwa na kufinyangwa kuwa mabonge yaitwayo meju, ambayo huachwa yakauke huku bakteria na kuvu wakizivunjavunja protini zake. Unga wa meju huchanganywa na unga wa pilipili, mchele unaonata, chumvi na kimea cha shayiri, yaani shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa, ambayo vimeng'enya vyake huugeuza wanga wa mchele kuwa sukari. Mchanganyiko huo hutiwa katika mitungi ya udongo iitwayo onggi, ambayo kuta zake hupitisha hewa kidogo, ukakaa humo kwa miezi kadhaa na mara nyingine kwa miaka, mpaka ukali, utamu na chumvi vishikane kiasi cha kutotenganishika ulimini. Wilaya ya Sunchang, kusini-magharibi mwa Korea Kusini, imejipatia jina kwa gochujang yake, na mnamo Desemba 2024 UNESCO iliuingiza ujuzi wa Wakorea wa kutengeneza jang, ambalo ni jina la jumla la viungo vya soya iliyochachushwa, katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mpishi anayechota kijiko cha gochujang anachota subira ya watu wengine, na wajibu wake wa kwanza ni kutoiharibu.

Isidhaniwe kwamba kukikutanisha kiungo cha namna hii na krimu ni kukivunjia heshima. Pilipili yenyewe ni mgeni katika Korea, kwa kuwa asili yake ni bara la Amerika, na wanahistoria wengi huweka kufika kwake huko mwishoni mwa karne ya 16, katika zama za vita vya Imjin vya 1592 hadi 1598. Wakorea waliipokea, wakaiunga na soya waliyokuwa wakiichachusha tangu kale, na katika muungano huo gochujang ikazaliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2020, tteokbokki, chakula maarufu cha mitaani kinachopikwa kwa vipande vya keki za mchele ndani ya rojo la gochujang, kilianza kutiwa krimu kwa wingi na kuvuma kwa jina la rosé, kutokana na rangi yake ya waridi. Tambi zinazochukua nafasi ya keki hizo za mchele zinaendeleza safari iliyoanza karne nyingi zilizopita.

Hatua inayobeba ufundi mkubwa kuliko zote ni kuikaanga gochujang. Kwa walaji wawili, kitunguu kidogo kilichokatwa laini na punje tatu za kitunguu saumu hulainishwa kwa kijiko kikubwa cha siagi na kimoja cha mafuta, kisha vijiko vikubwa viwili vya gochujang hutiwa na kukorogwa juu ya moto mdogo kwa dakika moja au mbili. Wenye haraka huiruka hatua hii, wakaikoroga gochujang moja kwa moja ndani ya krimu, na matokeo yake ni rojo lenye ladha mbichi na rangi iliyopauka. Sababu ni kwamba kapsaisini, kemikali inayoipa pilipili ukali wake, huyeyuka katika mafuta na si katika maji, na ndivyo ilivyo kwa chembe za rangi nyekundu, kwa hiyo mafuta ndiyo yanayozichukua na kuzisambaza katika chakula chote. Dalili ya kufaulu ni mafuta kugeuka mekundu na kuanza kujitenga kandokando ya kikaango. Zaidi ya hapo ni hatari, kwa kuwa sukari iliyotokana na mchele huungua upesi na kuacha uchungu ambao hakuna krimu inayoweza kuuficha.

Wakati huohuo gramu 200 za tambi huwa zinachemka katika lita mbili za maji yaliyotiwa chumvi kwa kiasi, kwa kuwa gochujang tayari ina chumvi yake. Tambi huepuliwa dakika moja kabla ya kuiva kabisa, na kikombe kimoja cha maji yake huhifadhiwa, kwa sababu maji hayo yamejaa wanga ambao huyasaidia mafuta na maji kushikamana. Mililita 150 za krimu hutiwa kwenye kikaango, tambi zikafuata, maji yakaongezwa kidogo kidogo huku zikigeuzwa mfululizo, mpaka rojo lizivae. Mpishi wa pwani ya Afrika Mashariki anaijua nidhamu hii katika tui la nazi, ambalo hukatika likiachwa lichemke kwa nguvu bila kukorogwa. Krimu yenye mafuta ya asilimia 35 hivi ni stahimilivu kuliko maziwa, lakini nayo hupendeza zaidi ikipikwa kwa moto wa upole.

Krimu haiji hapa kwa ajili ya unono tu. Kapsaisini huamsha katika mishipa ya fahamu kipokezi kiitwacho TRPV1, kilekile kinachotambua joto linalounguza, na ugunduzi wake mwaka 1997 ulichangia David Julius kupata Tuzo ya Nobel ya Tiba ya mwaka 2021. Mafuta ya krimu huishika kapsaisini, nayo kaseini, protini kuu ya maziwa, husaidia kuiondoa ulimini, hivyo ukali hupanda polepole na kumwachia mlaji nafasi ya kuuonja utamu na kina cha soya. Jibini kavu la Parmigiano Reggiano, ambalo kwa kanuni hukomazwa kwa muda usiopungua miezi 12, hukunwa na kutiwa baada ya kikaango kuondolewa motoni ili lisifanye mabonge. Jibini hilo na gochujang ni ndugu kwa jambo moja: muda mrefu umezivunja protini za vyote viwili na kuzalisha glutamati, ambayo ndiyo asili ya ladha nzito inayokaa kinywani.

Ni haki, basi, chakula hiki kihesabiwe miongoni mwa kazi za ufundi, kwa kuwa kinamfundisha mpishi kujua lini moto upunguzwe na lini mkono usimame. Anayetaka kukijaribu na aandae viungo vyote kabla ya kuwasha jiko, asiruke hatua ya kukaanga, na akipakue mara kinapokuwa tayari, kwa maana tambi huendelea kunyonya maji na rojo hukaza kila dakika linavyopoa.