Mpelelezi na Jasusi: Mpaka Uliofifizwa

Wahakiki wengi huwaweka Bwana Msa wa *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960) na Willy Gamba wa *Kufa na Kupona* (1974) katika kapu moja la "riwaya ya upelelezi". Uainishaji huu hauna budi kuhojiwa. Muhammed Said Abdulla amemsawiri mfumbuzi wa fumbo la mauaji. Elvis Musiba amemsawiri mtumishi wa dola. Neno *mpelelezi* huwasitiri wote wawili. *Jasusi*, lenye mzizi wa Kiarabu wa kupapasa, halisitiri: mara nyingi hubandikwa wakala wa adui. Kwa hiyo, uteuzi wa msamiati hapa si suala la visawe tu, bali ni hukumu. Mhakiki amwitaye Gamba mpelelezi amekwisha kuchagua upande kabla ya kuuchambua.