Hongera kwa Watunzaji wa Kalenga

Wastahiki shukrani na taadhima watunzaji wa makumbusho ya Kalenga, karibu na Iringa, ambao hawaridhiki kumwonyesha mgeni fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ndani ya sanduku lake la kioo, bali humhadithia jinsi jeshi la Wadachi chini ya Zelewski lilivyoangamia mbele ya Wahehe huko Lugalo mwaka 1891, na jinsi ngome ya Kalenga ilivyotekwa na Wadachi, baada ya kupigwa mizinga, mwaka 1894. Fuvu hilo, lililotajwa hata katika mkataba wa Versailles wa 1919, lilirejeshwa kutoka Ujerumani na Gavana Twining wa Tanganyika mwaka 1954. Wapo wataalamu wenye shaka kama ndilo lenyewe. Lakini (niseme kwa insafu) Wahehe walilipokea kwa heshima zote.