Fundi Asomaye Ardhi

Fundi wa uwanja wa gofu huanza kazi kwa kuuliza maji yanataka kwenda wapi. Kabla hajachora shimo la kwanza wala kuchagua nyasi, huizunguka ardhi yote mvua ikinyesha, akarudi tena mvua ikikatika, aone maji yanatuama wapi, yanakimbia wapi na yanazama wapi. Wahenga walituachia neno kwamba maji hufuata mkondo. Fundi huyu amelichukua neno hilo akaishi nalo. Mimi ni mzaliwa wa Bunia, mji ambao mvua moja kubwa inatosha kuzigeuza barabara za kartie, yaani mitaa yetu, kuwa vijito vyekundu vinavyoteremka kuelekea mto Nyamukau, na nimeishi pia kwenye ardhi ya mbali ambako ufundi huu ulifika na kuponya mahali nilipopapenda. Nausifu kwa moyo wote, na nitasema kwa nini Ituri, mkoa wetu mashariki mwa Kongo, inauhitaji.

Mahali penyewe ni uwanja wa gofu wa Memorial Park, mali ya jiji la Houston, Texas. Familia yetu iliondoka Bunia mwaka 2003, mwaka ambao maelfu ya watu walikimbilia uwanja wa ndege na kambi ya MONUC, walinda amani wa Umoja wa Mataifa, wakitafuta usalama. Tulipita Uganda, tukakaa, na mwishowe tukapelekwa Houston kama Wakongomani wengine wengi. Mjomba wangu alipata kazi ya kukata nyasi kwenye majumba ya watu, na siku zake za kupumzika alitupeleka kwenye hifadhi hiyo kwa sababu kuingia ni bure. Njia ya miguu yenye urefu wa karibu kilomita 5 inauzunguka uwanja wa gofu, na mtoto anayepita humo anaona kila kitu: wazee wakipiga mpira, vijana wakicheka, mashine za nyasi zikienda na kurudi. Baadaye nikaanza kucheza. Bei ilikuwa ya wananchi, na hakuna aliyeniuliza baba yangu ni nani.

Ardhi ile ilikuwa imebeba mengi. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ilikuwa Camp Logan, kambi ya kuwafundisha askari. Mwaka 1924 ikawa hifadhi ya jiji, ukumbusho wa waliokufa vitani, na mwaka 1936 John Bredemus akakamilisha uwanja wa mashimo 18. Lakini uwanja wa umma haukuwa wa umma wote. Watu weusi walilipa kodi ya jiji na hawakuruhusiwa kucheza katika viwanja vyake. Waliishtaki serikali ya jiji katika kesi iliyojulikana kama Beal dhidi ya Holcombe, na mwaka 1951 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikawapa haki. Kila mtoto mweusi aliyekanyaga nyasi zile baada ya hapo, nami nikiwamo, alipita katika mlango uliofunguliwa na watu hao. Nasema haya mapema kwa sababu ufundi wa ardhi bila haki ya kuingia ni pambo la wachache.

Uwanja niliokua nao ulikuwa na mapungufu ya mji wenyewe. Houston ni tambarare, na udongo wake ni mfinyanzi mzito unaokataa kunywa maji. Mvua ikinyesha madimbwi yalikaa, mipira ikazama matopeni, sehemu nyingine zikafungwa mpaka zikauke. Halafu ukaja ukame wa mwaka 2011, ukaua miti mingi sana ya hifadhi. Tuliucheza hivyo hivyo na kuupenda hivyo hivyo, kama unavyompenda mzee wa nyumbani aliyechoka.

Mwaka 2019 uwanja ulifunguliwa upya baada ya ukarabati. Wakfu wa hisani ulio na uhusiano na timu ya besiboli ya jiji uligharimia kazi, na mbunifu alikuwa Tom Doak, akishauriwa na Brooks Koepka, mchezaji aliyewahi kutwaa US Open mara mbili mfululizo, 2017 na 2018. Jiji lilibaki mwenye mali. Mimi nilikuwa nimehama Texas wakati wa ujenzi. Niliporudi kuutembelea, nilitembea kutoka shimo hadi shimo nikiwa na furaha iliyochanganyika na mshangao, kwa sababu ardhi ilikuwa ileile na ilikuwa imeanza kusema.

Kitu cha kwanza kilichonigusa ni mabonde. Kazi ya ukarabati iliyafanya mabonde na miteremko midogo kuwa sehemu ya mchezo. Mahali palipokuwa bapa pameinuliwa kidogo hapa na kushushwa kidogo pale, kiasi kwamba maji yana pa kwenda, na mchezaji naye ana jambo la kufikiria. Mteremko mmoja unafanya kazi mbili: unakausha uwanja, na unaurudisha nyuma mpira uliopigwa bila hekima. Huo ndio uzuri wa ufundi huu. Kinachoitunza ardhi ndicho kinachoupa mchezo utamu wake.

Kitu cha pili ni uchache. Viwanja vingi vinavyoandaa mashindano makubwa hujaza banka, yaani yale madimbwi ya mchanga ya kumtesa mchezaji, na huzungushia maji kila upande. Doak aliweka banka zipatazo 20 tu katika mashimo yote 18. Ugumu aliuhamishia kwenye grini, zile sehemu za nyasi fupi kabisa zenye shimo. Aliziinua, akazipa mawimbi, na nyasi za kingoni akaziacha fupi pia. Mpira wa bingwa ukikosea kidogo unabingirika hadi chini ya kilima, na bingwa anabaki anajiuliza: niupandishe juu, niuburuze chini, au niusukume kwa fimbo ya kusukumia? Mzee wa miaka 70 au mtoto anayejifunza akifika mahali hapo hapo anachukua fimbo ya kusukumia, anausukuma mpira wake taratibu, na anaendelea na safari. Mpira wake haukupotea majini na haukuzikwa mchangani. Ardhi moja imemnyenyekeza bingwa na kumpokea mgeni kwa siku moja. Mwaka 2020 mashindano ya Houston Open yalirudi hapo baada ya kutokuwapo tangu 1963, Carlos Ortiz wa Mexico akashinda, na mashindano yalipokwisha wenyeji wakarudi kucheza kwenye nyasi zilezile.

Jina la mbunifu huandikwa kwenye magazeti, lakini sifa zangu nyingi nazitoa kwa wale wasioandikwa. Kuna waendesha tingatinga wanaochonga udongo kwa jicho, wakishuka kwenye mashine, wakitembea, wakiinama kuangalia mstari wa ardhi, kisha wakipanda tena kuondoa tabaka jembamba ambalo mchoro wa karatasi hauwezi kulionyesha. Doak mwenyewe alijifunza hivyo: baada ya chuo alizunguka viwanja vya Uingereza, Scotland na Ireland, akabeba mikoba ya wachezaji kule St Andrews, halafu akafanya kazi ya ujenzi chini ya mbunifu Pete Dye. Nikiwafikiria waendesha mashine hao nakumbuka Djugu, huko kwetu Ituri, ambako tingatinga pia huchimba. Kule huchimba kufuata dhahabu, na dhahabu ikiisha hubaki mashimo yaliyojaa maji ya matope, mto umegeuzwa, shamba halirudi tena. Mashine ni ileile. Tofauti iko katika swali ambalo mwendeshaji ametumwa kuiuliza ardhi.

Baada ya tingatinga huja mtunza nyasi, na kazi yake haina mwisho. Huamka kabla ya jua kukata grini kwa kimo kinachopimwa kwa milimita. Hutoboa udongo upate hewa, hunyunyiza mchanga mwembamba juu yake, hutazama rangi ya jani ajue kama ni kiu, ugonjwa au njaa. Na nyasi zenyewe ni ndugu zetu. Ukoka, huu unaotambaa kando ya barabara za Bunia na kuliwa na mbuzi, ndio jamii ya nyasi inayofunika viwanja vingi vya kusini mwa Marekani. Mtaalamu Glenn Burton, akifanya kazi Tifton, Georgia, aliuchanganya ukoka wa kawaida na ndugu yake kutoka Transvaal, Afrika Kusini, akapata aina zilizoenea viwanjani tangu miaka ya 1950 na 1960. Watu hulipa fedha nyingi kuotesha mmea ambao kwetu huota wenyewe. Tulichokosa sisi ni mkono wa kuulea.

Na mkono huo una historia ya kutoa. Huko St Andrews, Scotland, Tom Morris Mkubwa aliutunza Old Course kuanzia 1865 hadi 1903, na uwanja huo, ambao mabingwa wa dunia nzima wanautamani, ni ardhi ya umma. Kwa desturi Jumapili hufungwa kwa gofu, na watu wa mji huingia kutembea na watoto na mbwa wao. Mchezo wenyewe unakaa pembeni siku moja kila juma ili mji ukumbuke kwamba ardhi ni yake.

Sasa niko Bunia tena, na haya yote nayapima kwa kipimo cha hapa. Katika Ituri tumezikana kwa sababu ya ardhi. Vita vilivyoanza Djugu mwaka 1999 vililishwa na ugomvi wa mashamba, hati na mipaka, na hadi leo familia zilizofukuzwa kwenye vilima vyao zinaishi chini ya maturubai pembezoni mwa mji. Tumezoea kuuliza ardhi ni ya nani, na kila jibu limemwaga damu. Ufundi niliousifu unauliza swali lingine: ardhi hii inahitaji nini, na nani wote wanaweza kukanyaga hapa? Mtu aliyezoezwa kuuliza hivyo, akapewa jembe, kamba ya kupimia na msimu mmoja wa mvua wa kutazama, anaweza kukifanya kiwanja cha kartie kisiwe na dimbwi, mfereji usile msingi wa nyumba ya jirani, na mteremko wa shule usimomonyoke.

Siombi uwanja wa gofu Bunia. Naomba tuwaheshimu na kuwafundisha mafundi wa aina hii, kama tunavyowaheshimu waashi na maseremala. Vijana wanaochimba mitaro kwa ujira wa siku wana macho na nguvu, na wanaijua mvua ya hapa kuliko mtaalamu yeyote atakayeletwa na ndege. Serikali ya komini iwape eneo moja la umma, lenye mipaka iliyoandikwa na kutangazwa mbele ya makabila yote, walilinganishe, walipande ukoka, walitunze kwa mshahara unaolipwa kila mwezi. Watoto wa Hema na wa Lendu, wa Bira, Alur, Nande na Ngiti wacheze hapo mpira wanaoutaka. Watu wanaozoea kuitunza pamoja ardhi isiyo ya mmoja wao wanajifunza jambo ambalo hakuna mkataba wa amani uliowahi kutufundisha, na wanaoweza kuwa walimu wao ni mafundi wanaojua kuinama na kutazama maji yanakwenda wapi.