"Banasema" na "Redio Inasema": Uhakiki wa Tafakuri ya Mwanafunzi juu ya Kazi Iliyosahihishwa

Katika baadhi ya idara za mawasiliano, mwanafunzi akirudishiwa kazi iliyosahihishwa huombwa aandike kurasa chache juu ya maoni aliyopewa: ameelewa nini, anakubali nini, atabadilisha nini. Maandishi ya namna hii kwa kawaida hayana thamani kubwa. Mwanafunzi huomba radhi, humshukuru mwalimu, huahidi bidii, na mambo huishia hapo. Tafakuri inayohakikiwa hapa, iliyoandikwa na mwanafunzi wa chuo kikuu kimoja cha Congo, ni bora kuliko hizo. Hata hivyo inapofika penye jambo lililo muhimu kuliko yote, inapita bila kuligusa.

Kazi yenyewe ilihusu namna wakazi wa Katuba na Kamalondo, mjini Lubumbashi, wanavyopokea taarifa za habari za Kiswahili za Radio Okapi. Redio hiyo ilianzishwa tarehe 25 Februari 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle ya Uswisi, ikitangaza kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa: Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Tshiluba. Mwanafunzi aliwahoji wasikilizaji 12, akaweka sauti zao katika simu, kisha akayapima majibu yao kwa nadharia ya Stuart Hall. Katika makala yake ya mwaka 1973, Hall alieleza kwamba ujumbe haumfikii msikilizaji kama mzigo unaoshushwa mlangoni. Msikilizaji huufungua mwenyewe, na anaweza kuukubali kama ulivyokusudiwa, kuukubali kwa masharti, au kuupinga.

Kazi ilipata alama 11 kati ya 20, pamoja na maoni matatu. La kwanza: nadharia imesimuliwa kwa kirefu na kutumiwa kwa ufupi. La pili: wasikilizaji waliochaguliwa wanafanana mno. La tatu, fupi kuliko yote: wasikilizaji wote wanasema kama mwandishi.

Mwanafunzi anayajibu maoni mawili ya kwanza kwa unyofu unaostahili sifa. Kuhusu nadharia, anakiri kwamba alimweleza Hall katika kurasa tano kwa sababu aliogopa kuonekana hajamsoma, na kwamba hofu hiyo ilikula nafasi ya wasikilizaji wenyewe. Kuhusu uchaguzi wa watu, anaukumbuka utafiti wa David Morley uliochapishwa mwaka 1980 juu ya kipindi cha televisheni cha Nationwide nchini Uingereza. Morley alikionyesha kipindi kwa vikundi 29 vya watu wa kazi na hali mbalimbali, kwa kuwa alitaka kuona kama nafasi ya mtu katika jamii inabadilisha usomaji wake. Mwanafunzi anakubali kwamba yeye aliwahoji hasa rafiki zake na majirani wenye elimu kama yake. Anataja soko na karakana ambako angeweza kwenda. Hapa tafakuri inafanya kazi yake: kosa limetajwa, sababu imeonekana, na njia ya kulirekebisha imefunguliwa.

Mambo yanageuka katika maoni ya tatu. Mwanafunzi ameyachukua kuwa ni lawama juu ya lugha. Anaahidi kwamba safari ijayo atampa mwalimu wa Kiswahili sanifu ayapitie majibu yote ili "yasibaki na makosa". Lakini msahihishaji hakulalamikia makosa. Alilalamikia kukosekana kwake. Katika kazi yote hakuna msikilizaji hata mmoja anayesema kama watu wa Katuba wanavyosema. Wote wanatumia Kiswahili cha vitabu, kwa sababu mwandishi alikwisha kuwasahihisha kabla ya kuwanukuu. Dawa anayoiahidi ndiyo iliyoleta ugonjwa.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika maneno mawili ambayo mwanafunzi mwenyewe, kwa uaminifu wake, anayatoa kama mifano ya masahihisho yake. La kwanza ni "banasema", ambalo katika kazi limekuwa "redio inasema". Mbele ya mtunga sarufi, hiyo ni tofauti ya kiambishi na ya kiima tu. Mbele ya mtafiti wa upokezi wa habari, ni tofauti ya msimamo. Anayesema "redio inasema" anakitaja chombo. Anayesema "banasema" anawataja watu, na huenda anajitenga nao: kuna wao wanaosema, na kuna sisi tunaosikiliza. Pengine hakuna shaka yoyote katika kauli hiyo, pengine imo. Ndilo swali hasa ambalo nadharia ya Hall ingemwongoza mwanafunzi kuliuliza, na masahihisho yamelifuta lisiulizwe.

Neno la pili ni "tunasikia", lililogeuzwa kuwa "tunaelewa". Kitenzi hiki kina mapana yake. Kusikia ni sauti kufika sikioni. Kusikia lugha ni kuielewa. Na mtoto asiyesikia si kiziwi, ni mtoto asiyetii. Kwa hiyo mtu wa Kamalondo akisema kwamba Kiswahili cha redio wanakisikia, huenda anasema kinawafikia, au wanakielewa, au wanakikubali. Mwanafunzi alichagua maana moja, kisha akajenga juu yake hitimisho kwamba taarifa zinaeleweka. Hitimisho hilo halitokani na wasikilizaji. Linatokana na kalamu iliyowatengeneza.

Haifai kumlaumu mwanafunzi peke yake. Shule imemfundisha tangu utotoni kwamba Kiswahili cha nyumbani ni kibovu, na dharau hiyo ina historia. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na utawala wa kikoloni, alichunguza jinsi Kiswahili kilivyopangwa na kuelekezwa katika Congo ya Wabelgiji kati ya mwaka 1880 na 1938. Fabian huyo huyo, akisaidiwa na Kalundi Mango, alichapisha mwaka 1990 maandishi ya André Yav ya mwaka 1965 juu ya mji wa Elisabethville, yaliyoandikwa kwa Kiswahili cha Katanga. Maandishi hayo hayakusanifishwa. Yalitolewa kama yalivyokuwa, pamoja na tafsiri na maelezo, na kwa sababu hiyo msomaji bado anaweza kuyahoji.

Msahihishaji naye ana sehemu yake. Sentensi moja isiyotaja ukurasa wala mfano ni ujumbe unaoweza kufunguliwa kwa njia nyingi. D. Royce Sadler alionyesha mwaka 1989 kwamba maoni humfaa mwanafunzi pale tu anapolijua lengo, anapoweza kuilinganisha kazi yake nalo, na anapojua hatua ya kuchukua. Maoni ya tatu hayakumpa lolote kati ya hayo. Mwanafunzi aliyapokea kwa utii wa haraka, yeye aliyeandika kurasa tano kueleza kwamba wapokeaji hawafungwi na utii. Lau angeyasoma maoni kama alivyotaka kuwasoma wasikilizaji wake, angerudi kwa mwalimu na kuuliza: wanasema kama mimi kwa namna gani?

Bahati ni kwamba sauti bado zimo katika simu. Kabla ya kuandika tasnifu yake, mwanafunzi anaweza kuzinakili upya: upande mmoja maneno kama yalivyosemwa, upande wa pili Kiswahili sanifu kwa msomaji wa mbali. Hapo ndipo itakapojulikana kama wale 12 waliielewa redio, waliitii, au waliisikia tu. Kwa sasa wasikilizaji hao hawajajibu. Aliyejibu ni mwanafunzi.