Mwanangu, Kajifunze Udongo

Kijana wa Muyinga, Burundi, aliyemaliza shule, akimwendea mzee anayemheshimu kutaka shauri la kazi, hutarajia kutajiwa ualimu, uuguzi au biashara ya mpakani Kobero. Akiambiwa, "Mwanangu, kajifunze kujenga kwa udongo," huona ametukanwa. Mimi naona amepewa shauri bora kuliko yote hayo, na ushahidi uko mjini kwake: maktaba iliyokamilika mwaka 2012, iliyobuniwa na BC Architects wa Ubelgiji kwa ajili ya shule ya watoto viziwi. Kuta zake ni matofali ya udongo wa hapo hapo, yaliyoshindiliwa kwa mashine ya mkono na kukauka bila moto. Kenchi ni za mikaratusi, paa ni la vigae, na ndani umetandikwa wavu wa kamba za katani ambamo mtoto hujilaza na kitabu chake. Hapo hakuna kilichojengwa kwa kubahatisha. Fundi hufinyanga donge la udongo, akaliachia lianguke: likisambaratika kama vumbi, maji ni machache, likijibandika chini, yamezidi, likipasuka vipande vichache, udongo uko tayari. Mkono unaojua hilo ni mkono wa msomi.

Watasema nyumba ya udongo ni ya maskini, na mvua itaiyeyusha. Mvua huyeyusha ukuta uliojengwa ovyo. Ukuta wenye msingi ulioinuka na upenu mpana hauguswi. Tena tofali la kuchoma, linalosifiwa Gitega na Muyinga kote, hula kuni, nasi tunaiona milima yetu inavyobaki uchi. Kuhusu heshima, tazama Gishora, karibu na Gitega. Ngoma ya kifalme, ambayo uchezaji wake uliorodheshwa na UNESCO mwaka 2014, huanzia kwa mtu anayeujua mti wa umuvugangoma na ngozi ya ng'ombe. Ni mti na ngozi tu, na hakuna anayeiita ngoma ile kitu cha kimaskini.

Pingamizi la malipo ni zito zaidi, na silikatai: udongo hauna mshahara wa mwisho wa mwezi, na mwaka wa kwanza utakuwa mgumu. Lakini watu hawaachi kujenga, na malighafi ya fundi huyu haingoji lori. Kijana aliyepewa shauri hili asijibu kabla hajaenda kuitazama ile maktaba. Kuta zake za nje ziliachwa bila lipu. Kila tofali linaonekana.