Mbwa Mwenye Damu Moto Anataka Kazi

Ukipita Milimani mjini Kitale, au Kanduyi kule Bungoma, vibao vya bati malangoni vimeandikwa maneno yale yale: Mbwa Kali. Mara nyingi nyuma ya lango kuna mnyama aliyefungwa tangu asubuhi, amezunguka mti hadi nyasi zimekwisha, anabwekea upepo, muuza maziwa na jirani anayemjua. Wengi husema huyo ni mkali. Mimi naona mbwa aliyenyimwa kazi.

Wapo wanaojua kumtoa mbwa katika hali hiyo, na nauheshimu sana ufundi wao. Mzee mmoja wa pande za Kiminini, mkulima wa mahindi, mbwa wake wote ni wa kuokota: wa sokoni, wa stendi, waliotupwa wakiwa wachanga ndani ya gunia. Majuzi alimchukua jike mwekundu, mbavu nje, damu moto. Akatafuna kandambili, akakimbiza kuku, akafukuza bodaboda hadi njia panda. Majirani wakashauri mnyororo. Mzee akaleta kamba ndefu.

Alianza na tonge la ugali. Alilifumbata kiganjani, akachuchumaa, akanyamaza. Mbwa akaruka, akakwaruza ngumi, akalia. Mzee kimya. Hatimaye makalio yakagusa ardhi, kwa bahati tu, na papo hapo vidole vikafunguka. Hapo ndipo penye uzuri wa kazi hii. Ukichelewa kidogo, mbwa amekwisha kuinuka, nawe umemlipa kwa kuinuka. Fimbo haiwezi kufundisha jambo dogo kiasi hicho, na kelele haziwezi.

Fundi wa namna hii husoma mwili. Mkia unaotikisika si furaha kila mara. Ukisimama juu, mgumu, una onyo. Mbwa anayepiga miayo mbele ya mgeni huenda hana usingizi kabisa, ana wasiwasi. Weupe wa jicho ukijitokeza pembeni, mkono urudi nyuma. Wajukuu wa mzee huyo hufundishwa hayo kabla ya kuruhusiwa kumgusa mbwa yeyote.

Kisha ni kazi. Alfajiri, kabla jua halijakolea, hutembea naye kandokando ya shamba, kila siku, mvua au umande. Mwisho wa mwaka, mahindi yaliyokatwa yakisimamishwa marundo marundo yakauke, wezi huja usiku, na hapo mbwa anayemjua wa nyumbani na wa kuja ana thamani. Yule wa mnyororo hubwekea kila kitu, basi hakuna anayeamka.

Karibu na Chwele, Bungoma, nimeona njia nyingine. Mama mmoja mwenye uwanja mdogo, usiotosha mbwa kukimbia, humpa kazi ya pua. Hutawanya omena chache nyasini, moja moja, mbwa azitafute. Pua ikifanya kazi robo saa, mwili wote hutulia.

Ila ufundi huu bila sindano haujakamilika. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka, vingi Afrika na Asia, na karibu vyote hutokana na mbwa. Mwaka 2014 Kenya ilizindua mkakati wa kumaliza vifo hivyo kufikia 2030, kwa kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Kiwango hicho hujengwa lango kwa lango: mbwa huchanjwa akiwa na miezi mitatu, halafu kila mwaka. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa anaonekana mzima.

Kuna dawa ya minyoo na kupe, na maji safi kila siku. Kuna pia uzazi, ambao wengi huukwepa. Jike hupata joto kama mara mbili kwa mwaka, hubeba mimba siku 63 hivi, na watoto wasiotakiwa ndio wale wa guniani. Mzee wa Kiminini aliuza mahindi, akampeleka yule mwekundu kwa daktari wa mifugo akafungwe kizazi. Kwangu, hilo ni tendo la upendo zaidi kuliko kumpapasa kichwa. Sheria nayo ipo: kumtesa mnyama ni kosa chini ya Sura ya 360 ya Sheria za Kenya.

Kwa hiyo, msomaji, ukitaka mbwa, anza na hawa wa sokoni. Ni werevu, wamezoea hali ya hewa yetu, na wanahitaji makao. Lakini ikiwa huna nafasi ya alfajiri wala pesa ya chanjo, tafadhali usimchukue. Tengeneza lango lako, utie kufuli.